Mkuku Kwanza, Rangi Baadaye

Kijana mmoja wa upande wa Pangani alinipigia simu alfajiri, sauti yake ina haraka. Amepata mashua. Urefu wake mita 8, ina mlingoti, foromali na tanga lake, na mwenyewe anataka shilingi milioni 3 na nusu. “Ina kazi ndogo ndogo tu, Ami,” akaniambia. “Inaingiza maji kidogo upande wa tezi. Ninunue?” Alikuwa ameweka akiba misimu mitatu akivua kwenye chombo cha watu, na kesho yake, alivyoambiwa, mnunuzi mwingine alikuwa anakuja.

Nilimwambia asitoe hata arubuni. Asubiri siku nne, mwezi uandame, bahari itoe bamvua, nami nitafika.

Pwani yetu imejaliwa kitu ambacho kwingineko watu hukilipia. Wakati wa bamvua maji ya kujaa na ya kupwa hupishana kwa karibu mita 4, hivyo chombo kilichokuwa kinaelea alfajiri inapofika saa nne asubuhi kimekaa mchangani, tumbo lote nje. Huhitaji guda wala winchi. Unahitaji kalenda ya mwezi na subira. Anayekuonyesha chombo kikiwa majini amekuonyesha nusu yake tu, tena si ile nusu inayokizuia kisizame.

Nilipofika, muuzaji alinipeleka moja kwa moja kwenye rangi. Ilikuwa ya buluu, ina mstari mweupe, na ilikuwa mbichi kiasi cha kuacha alama kidoleni. Chombo kilichopakwa rangi wiki ya kuuzwa kiangalie mara mbili, maana hakuna kazi rahisi kuliko hiyo na hakuna inayoonekana zaidi ya hiyo. Nilimwomba radhi, nikapiga magoti, nikaanza na mkuku.

Chombo cha mbao kina mifupa na ngozi. Mifupa ni mkuku, fashini mbili za omo (mbele) na tezi (nyuma), na mataruma. Ngozi ni mbao za ubavuni. Ngozi hubadilishwa: fundi hodari huichomoa mbao iliyooza, huchonga nyingine kwa tezo, huipachika, na ikishapigwa kalafati, yaani maungo yakazibwa kwa pamba, huoni tofauti. Taruma nalo hubadilishwa, ingawa kwa jasho zaidi. Mkuku haubadilishwi. Anayekwambia ataubadilisha anakuahidi kujenga mashua mpya kwa mbao kuukuu, na atakutoza gharama ya zote mbili. Kwa hiyo swali la kununua au kutonunua halianzii kwenye bei, wala kwenye maji yanayoingia. Linaanzia kwenye gogo lile moja la chini, ambalo wanunuzi wengi niliowaona hulitazama mwisho, wakiwa wameshapatana bei na kupeana mikono.

Kipimo chake ni uzi. Ufunge kwenye ukingo wa chini wa mkuku, ncha moja omo na nyingine tezi, uukaze. Mkuku ulionyooka hulala sambamba na uzi. Mkuku wa mashua ile, katikati, ulikuwa umepanda juu ya uzi kwa vidole viwili. Maana yake omo na tezi zimelegea kwenda chini na mgongo umeinuka. Maji hubeba zaidi pale chombo kilipo kipana, tumboni, kuliko kwenye ncha zilizo nyembamba. Kwa hiyo kila siku chombo kinapoelea, ncha zinavuta chini na tumbo linasukumwa juu. Ning'iniza mashine nzito tezi kwenye chombo kilichochongwa kwa ajili ya tanga, kiache kipwelewe miaka mingi mahali pasipo sawa bila gadi za kutosha, na gogo polepole linakubali kupinda. Likishapinda, mbao zilizopigiliwa juu yake zinasogea na maungo yanafunguka. Utakalafati leo, mashua ikipanda mawimbi mwezi ujao, pamba inatemwa. Wengi humlaumu fundi wa kalafati kwa kosa ambalo si lake.

Kidole kimoja kwenye mashua ya urefu ule ningekisamehe. Viwili ni vingi.

Kutoka hapo nilihamia fashini ya tezi, nikatoa bisibisi. Bahari yetu ya joto ina kiumbe ambaye wavuvi wengi humwita mdudu, na kwa kweli ni jamaa ya kome na chaza. Huingia kwenye mbao akiwa mdogo asiyeonekana kwa macho, kupitia tundu la ncha ya sindano, kisha hukulia humo humo, akiibungua mbao na kurefusha njia yake hadi ifikie unene wa kidole. Nje unaona vitundu vya sindano tu. Ndani mbao imekuwa sega la nyuki. Wazee walimjua adui huyu vizuri. Ndiyo maana chombo kilipandishwa pwani kila baada ya muda, kikachomwa tumbo kwa mienge ya makuti makavu, kikapakwa deheni ya shahamu na chokaa. Moto uliwaua waliokwisha kuingia, deheni ikawazuia wanaokuja. Mwulize muuzaji ni lini chombo kilichomwa au kupakwa dawa mara ya mwisho. Akisita, jibu umelipata. Wasomaji wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika wamesalimika katika hili, kwa kuwa kiumbe huyu huishi kwenye maji ya chumvi.

Gonga kwa mpini wa nyundo, uweke sikio karibu. Mbao nzima hujibu kwa mlio mkavu wa juu. Iliyobunguliwa hujibu kama unagonga gunia la mchele. Fashini ile ilijibu vizuri kuanzia usawa wa mkono hadi juu. Chini, karibu na inapoungana na mkuku, ilinyamaza. Bisibisi iliingia urefu wa kidole bila kusukumwa kwa nguvu. Kijana alikuwa amechutama pembeni yangu, akaona, akaangalia baharini.

Kubunguliwa na kuoza watu huvichanganya, na kila kimoja kina mahali pake pa kutafutwa. Kuoza huletwa na kuvu, na kuvu hupenda maji ya mvua, chumvi humzuia. Kwa hiyo kubunguliwa kutafute chini, kuoza kutafute juu: kwenye vichwa vya mataruma, mahali mlingoti unapopita kwenye boriti, pembeni mwa tezi ambako maji ya mvua hutuama na majani yakajikusanya. Mmiliki wa mashua ile alikuwa mtu wa kuifunika kwa makuti kila masika, na juu kote ilikuwa nzima. Nasema hivyo kwa haki yake. Mataruma yake pia yalikuwa mazuri, yamechongwa kwa matawi yaliyopinda yenyewe, jinsi inavyopasa, si mbao iliyonyooka ikakatwa kwa msumeno ili ifanane na mpindo. Taruma la namna hiyo ya pili nyuzi zake zimekatika, nalo huvunjika siku ya wimbi kubwa.

Halafu misumari. Fundi anayeijua kazi hutoboa kwanza kwa keke, kisha huzungushia pamba yenye mafuta shingoni mwa msumari ndipo aupigilie, ili maji yasipate njia. Hata hivyo chuma ni chuma. Kutu huvimba, huipasua mbao, tundu hulegea. Dalili yake ni doa jeusi linalozunguka kichwa cha msumari na kushuka chini kama wanja uliotiririka. Rangi mpya hulifunika doa hilo kwa wiki chache, na hiyo ni sababu nyingine ya kuitilia shaka rangi mpya. Omba ruhusa uchomoe misumari miwili au mitatu, mmoja omo, mmoja tumboni, mmoja tezi. Ukitoka umekonda katikati kama kiuno cha nyigu, iliyobaki nayo imekonda. Hilo peke yake halinitishi: kupigilia upya chombo chenye mifupa mizima ni fedha iliyotumika vizuri.

Wahenga walisema tezi na omo marejeo ni ngamani. Maji yakiingia kokote, hatimaye hukutana ngamani, na ukweli wa chombo nao umekaa huko. Toa mbao za kukanyagia zote. Usikubali kuambiwa zimepigiliwa. Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali. Miaka mingi iliyopita nilinunua mashua yangu ya kwanza kutoka kwa mtu niliyemheshimu, na ngamani nilikuta saruji imemwagwa kutoka taruma hadi taruma, imesawazishwa vizuri kama sakafu ya nyumba. Niliambiwa ni uzito wa kuitulizia mashua isiyumbe, nikaamini. Msimu wa pili nilipoipasua nilikuta chini yake mataruma mawili yamevunjika na mbao ya kwanza kutoka mkuku imegeuka unga. Saruji ilishika maji dhidi ya mbao, ikaozesha kilichokuwa kizima na kuficha kilichokuwa kibovu. Niliuza ng'ombe wawili kuitengeneza ile mashua, na haikupata kuwa chombo cha kutegemewa. Tangu siku hiyo, nikiona saruji ngamani, naondoka.

Sasa kuhusu kuvuja kwenyewe. Chombo cha mbao kilichokaa juani mwezi mzima ni lazima kivuje kikishushwa. Mbao zimesinyaa, zikinywa maji huvimba na kuibana pamba. Muuzaji akikwambia “itajikaza,” huenda anasema kweli, na njia ya kumjua mkweli ni kuhesabu. Shusha chombo, kitie nanga mahali palipotulia, fua maji mpaka ngama ikauke, kisha kwa siku tatu mfululizo hesabu ndoo unazofua kila alfajiri. Zikiwa 20, kesho yake 9, keshokutwa 3, hizo ni mbao zinajikaza, na chombo hicho unaweza kukifikiria. Zikiwa zilezile siku zote tatu, maji yamepata mlango. Muuzaji asiyekubali chombo chake kipimwe siku tatu amekwisha kukupa hesabu bila ndoo. Huyu wa Pangani alikubali, tena kwa moyo mweupe; nadhani yeye mwenyewe hakujua hali ya fashini yake. Tulifua ndoo 11, tukafua 10, tukafua 11.

Wanaonunua boti za faiba wasidhani wamesalimika. Faiba haibunguliwi, lakini pale nyuma inapofungwa mashine, ndani ya ngozi ya faiba, mara nyingi kuna mbao, na tundu moja la bolti lisilozibwa linatosha kuiozesha isionekane. Shika mashine kwa mikono miwili uisukume mbele na nyuma. Ukuta ule ukicheza, au ukitoa maji pembeni mwa bolti, hesabu umenunua kazi. Mashine nayo usiinunue imezimwa. Iwashe ikiwa ya baridi, uone uzi wa maji unaotoka pembeni ni mnene na haukatiki, kisha ulegeze skrubu ya oili ya giaboksi: oili yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji, na sili zimekwisha.

Jambo linalowaangusha wengi kuliko hata mkuku ni umiliki. Vyombo vingi vya pwani ni vya shirika au vya mirathi. Mzee amefariki, ameacha mashua, mke na watoto watano. Mtoto mmoja aliyebaki kijijini anaiuza, na mwaka unaofuata ndugu zake wanarudi kutoka mjini kudai haki yao, nao wana haki. Taka kuona usajili na leseni, na jina lililoandikwa humo. Kwa Tanzania Bara usalama wa vyombo unasimamiwa na TASAC, Zanzibar ni Mamlaka ya Usafiri Baharini, Kenya ni Mamlaka ya Bahari. Leseni za uvuvi zina ofisi zake. Jina likiwa la marehemu, usilipe mpaka warithi wote wamesaini mbele ya sheha au serikali ya kijiji, na viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa uvuvi, wa diko hilo wakishuhudia. Uliza pia pwani, kwa wavuvi wenyewe, kama chombo kimewekwa rehani kwa mnunuzi wa samaki. Deni la namna hiyo halimo kwenye karatasi yoyote, lakini diko zima linalijua.

Nilimuuliza muuzaji mashua ilikuwa inafanya kazi gani. Akasema imebeba nazi na mchanga mtoni Pangani karibu maisha yake yote, na nje ya mlango wa mto ilitoka kwa nadra. Kijana alitaka kwenda nayo nje ya mwamba, usiku, na nyavu. Hapo nilinyamaza kwa muda. Chombo huchongwa kwa maji fulani. Kina ubavu mfupi au mrefu, omo kali au butu, kwa sababu ya kazi kilichokusudiwa, na uzima wake mtoni hauthibitishi uzima wake baharini. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. MV Skagit ilijengwa mwaka 1989, ikavusha abiria kwenye maji yaliyokingwa ya Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani, kisha ikauzwa mwaka 2011 na kuletwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012, kusi imekaza, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe na kuondoka na watu wetu wengi. Kila ninapoulizwa juu ya chombo kilichotumika, cha chuma au cha mbao, nauliza kwanza kilitumika maji gani.

Tukafanya hesabu, juu ya ndoo iliyopinduliwa, kijana, mimi na fundi wa pale. Fashini mpya ya tezi, mbao sita za chini, misumari, pamba, mafuta na ujira: fundi alisema milioni 2 na laki 4, na hapo mkuku haujaguswa. Ukijumlisha na bei, milioni 5 na laki 9. Mashua mpya ya kipimo hicho, mikononi mwa fundi huyohuyo, alisema angeijenga kwa milioni 7. Kanuni niliyoishi nayo ni kwamba bei na matengenezo pamoja visizidi theluthi mbili ya bei ya chombo kipya, na kwamba kadirio lolote la fundi liongezewe theluthi yake. Si kwamba mafundi ni waongo. Ubovu hauonekani wote mpaka mbao ya kwanza ing'olewe. Theluthi mbili ya milioni 7 haifiki milioni 4 na laki 7. Tulikuwa tumeshaipita kabla ya kuongeza kitu.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi. Siku ambazo chombo kimekaa juu ya gadi, fungu la chombo katika mgao ni sifuri, na mabaharia uliowaahidi wana watoto wa kulisha. Watakwenda kwa nahodha mwingine. Kwa hiyo anayenunua chombo cha kutengeneza anunue kusi inapoanza kukaza, kuanzia Aprili, ambapo vyombo vingi vimelala na wenyewe wanapunguza bei, ili kazi iishe kabla kaskazi haijaingia karibu na Desemba. Anayenunua kibovu Novemba atautazama msimu mzuri akiwa pwani, na chembeu mkononi.

Msinielewe kwamba nachukia vyombo vikuukuu. Mkuku wa mbambakofi au mtondoo uliokomaa, ulionyooka, wenye mlio mkavu, unaweza kuzidi umri wa mwenye chombo, na mbao ya kiwango hicho leo ni adimu na ghali. Mafundi wa Nungwi, wa Matondoni kule Lamu na wa Jibondo karibu na Mafia, ambao huchonga kwa jicho bila mchoro wa karatasi, wamevirudisha baharini vyombo ambavyo watu walikwisha kuvikatia tamaa. Nimeona mashua imeoza mbao kumi za ubavuni, misumari yote imekonda, tanga limekuwa matambara, nami nikamwambia mnunuzi alipe siku hiyohiyo, kwa sababu uzi ulilala na mkuku mwanzo hadi mwisho. Chombo kile kilionekana kibaya mara tatu kuliko hiki cha buluu.

Hiki cha buluu nilimwambia asinunue. Kisha nikamgeukia muuzaji, kwa kuwa naye alikuwa muungwana na ana shida zake, nikamuuliza angeuza kwa bei gani vitu vilivyokuwa vizuri kweli: mlingoti, foromali, tanga, kamba na nanga. Walipatana laki 9, karatasi ikaandikwa ofisi ya kijiji. Fedha iliyobaki kijana ameipeleka kwa fundi kama malipo ya kwanza, na mkuku mpya wa mita 6 umelazwa chini ya mkungu pale pwani, umenyooka. Niliupima mwenyewe kwa uzi.